Nimegawa Kabati la Vyombo, Lakini Moyo Haujatulia

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 39, mtumishi wa umma hapa jijini Dodoma, nimeolewa na tumejaliwa watoto watatu. Nilihamia hapa mwaka 2017 nikitokea Dar es Salaam, wizara yetu ilipohamishwa, na tangu wakati huo tumepanga nyumba Nkuhungu huku tukijenga kidogo kidogo kwenye kiwanja chetu cha Nala, ambako nyumba imefikia hatua ya lenta na mume wangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, anaweka akiba kwa ajili ya mabati.

Kwa miaka mingi nimeishi kwa kujilinganisha. Ofisini kwetu haupiti mwezi bila mchango wa harusi, sendoff, kipaimara au msiba, na kila sherehe ina sare yake ya kitenge. Mwenzangu mmoja tuliyeajiriwa naye mwaka mmoja amehamia kwenye nyumba yake Iyumbu, na kila anapoweka picha ya sebule yake kwenye simu, mimi hushindwa kula vizuri siku hiyo. Si kwamba namchukia. Naona tu kama maisha yangu yamesimama huku ya wenzangu yakisonga.

Wakati wa Kwaresima nilisoma maelezo kuhusu mafundisho ya Buddha, kwamba mateso ya mwanadamu yanatokana na tamaa, na kwamba anayeachilia vitu hupata amani. Maneno yale yalinigusa hata nikalia. Mwezi wa tano nikaamua kuyatekeleza. Niligawa nguo zangu nyingi, nikamwuzia fundi televisheni yetu, na siku mume wangu alipokuwa kwenye usahihishaji wa mitihani nikampa jirani aliyekuwa anahama kabati letu la vyombo, la mbao za mninga, ambalo mama mkwe alitupa tulipofunga ndoa. Wifi yangu alipoleta kadi ya mchango wa sendoff yake nilimwambia kwamba siku hizi sishiriki mambo ya fahari.

Mume wangu alirudi akakuta vyombo vimepangwa juu ya mkeka. Hakufoka. Ila ni wiki ya tano sasa tangu aanze kuongea nami yale ya lazima tu, ya ada na ya maji. Mama mkwe, anayeishi Bahi, alipopata habari alisema, "Kumbe mbao zangu zilikuwa zinambana." Mtoto wangu wa pili ameniuliza kama tumefilisika. Nilitegemea nyumba ikiwa nyepesi na moyo nao utakuwa mwepesi, lakini usiku nakaa macho nikihesabu.

Jambo jingine ni kwamba mwezi Januari nilichukua mkopo wa kausha damu wa shilingi 500,000, kwa ajili ya simu, mchango na sare, na kadi yangu ya benki anayo mkopeshaji. Nalipa riba ya shilingi 150,000 kila mwezi, na mume wangu hajui.

Naomba uniambie: je, nimekosea wapi katika kuyafuata mafundisho haya? Kama tamaa ndiyo chanzo cha mateso, niache hata kutamani nyumba ya Nala? Na mimi ni Mkristo wa Kianglikana. Je, natenda dhambi kuyasoma?

Mama wa Watatu, Nkuhungu

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu mkononi. Kabati umelieleza kwa mbao zake, kwa siku lilipoondoka na kwa maneno ya mama mkwe. Deni umelitaja karibu na mwisho, kwa sentensi mbili, na kuliita "jambo jingine". Nakuomba uniwie radhi nikianzia hapo, kwa sababu naamini jawabu la swali lako lote liko hapo. Uliondoa nyumbani vitu ambavyo kila mtu aliviona, ambavyo havikuwa vinakuuma, ukabakiza kimoja kisichoonekana, na hicho ndicho kinachokuamsha usiku. Kabati halikuwahi kukudai senti tano.

Nayaheshimu mafundisho uliyoyasoma, na nimeyasoma miaka mingi tangu nilipostaafu ualimu, kwa hiyo sitakuambia uyaache. Nitakuambia kwamba umepewa nusu yake, na nusu yenyewe ni ile inayowahusu watawa.

Siddhartha Gautama, ambaye ndiye Buddha mwenyewe, aliyezaliwa Lumbini, mahali ambapo leo ni Nepali, alikulia katika starehe, na akiwa na umri wa miaka 29 aliondoka nyumbani usiku, akamwacha mkewe na mtoto mchanga, akaenda kutafuta chanzo cha mateso ya binadamu. Kwa miaka sita alijitesa. Alipunguza chakula hadi, kwa mujibu wa maandiko ya Wabuddha, aligusa tumbo akaushika uti wa mgongo. Hakupata alichokitafuta. Akakubali bakuli la wali wa maziwa kutoka kwa mwanamke mmoja, nguvu zikamrudia, na ni baada ya hapo, akiwa na miaka 35, alipoketi chini ya mti huko Bodh Gaya na kupata kile ambacho wafuasi wake wanakiita kuamka. Katika hotuba yake ya kwanza, kabla hata ya kutaja tamaa, alitaja pande mbili za kuepukwa: kujizamisha katika anasa, na kujitesa. Mwanangu, wewe umetoka upande mmoja ukakimbilia wa pili kwa kasi ileile.

Kuna jambo jingine katika habari zake ambalo halisimuliwi sana, nami nadhani linakuhusu kuliko yote. Miaka kadhaa baadaye alirudi kwao, na mwanawe Rahula, akiwa bado mtoto, akaingizwa katika utawa bila babu yake kuulizwa. Mzee yule, baba yake Buddha, alimwendea akamweleza maumivu aliyoyapata, kwanza kwa kuondokewa na mwana na sasa na mjukuu, akaomba jambo hilo lisimpate mzazi mwingine. Buddha alimsikiliza, akaweka kanuni kwamba asipokewe mtu katika utawa bila idhini ya wazazi wake. Yeye aliyefundisha kuachilia alikubali kwamba kuachilia kwako kunaweza kuwa jeraha la mwenzio, na kwamba yule mwenzio lazima aulizwe. Mumeo hakuulizwa. Vyombo kwenye mkeka angevizoea kwa siku mbili. Alichokiona aliporudi kutoka kwenye usahihishaji ni kwamba jambo la nyumba yake limeamuliwa yeye akiwa hayupo, na kwamba zawadi ya mama yake imekwenda kwa mtu anayehama.

Kuhusu mipaka ya kujibana, nikupe mfano ambao maandiko yale yanao, na ambao sisi watu wa Dodoma tunaweza kuuelewa kuliko wengi. Alikuwapo mtawa aitwaye Sona, aliyefanya bidii ya kutembea huku na huku akitafakari hadi nyayo zikatoka damu, na bado hakuona tofauti moyoni. Akafikiria kurudi nyumbani. Buddha, akijua kwamba Sona alikuwa mpigaji hodari wa ala ya nyuzi, alimwuliza: nyuzi zikikazwa mno, ala inatoa sauti nzuri? Akajibu hapana. Zikilegezwa mno je? Hapana. Ikabaki kumwambia kwamba bidii yake nayo aipime hivyo hivyo.

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka baba yangu mkubwa, kijijini karibu na Mvumi, jioni za kiangazi baada ya mavuno. Kabla hajaimba hata neno moja, alikaa na zeze lake mapajani muda ambao kwetu watoto ulikuwa hauishi. Alikizungusha kigingi kidogo sana, pengine upana wa punje ya uwele, akaburuta upinde mara moja, akaegemeza sikio kwenye kibuyu kilichowambwa ngozi, akakirudisha nyuma, akasikiliza tena. Mara moja kaka yangu alijaribu kumsaidia, akazungusha kigingi kwa nguvu, uzi ukakatika ukamchapa kwenye kiganja. Mzee hakumkaripia. Alifunga uzi mwingine, akaanza upya, punje kwa punje. Ninavyokuona, mwezi wa tano ulizungusha kigingi kama kaka yangu.

Sasa nijibu swali lako la tamaa. Neno linalotumika katika Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Wabuddha, ni tanha, na maana yake ya asili ni kiu. Kiu anayoisema ni ile isiyoisha hata ukinywa: kutaka kupata zaidi, kutaka kuwa fulani, na pia kutaka jambo lisiwepo kabisa. Hiyo ya tatu uisome tena, kwa maana ndiyo iliyokufanya utake vitu vyako vitoweke ndani ya mwezi mmoja. Lakini si kila kutaka ni kiu. Lugha hiyohiyo ina neno chanda, linalotumika pia kwa nia njema ya kutenda jambo, na bila nia hiyo hata mtawa asingeamka alfajiri. Kutaka watoto wako walale chini ya paa lisilo la mwenye nyumba ni nia njema. Kutaka paa hilo liwe zuri kuliko la Iyumbu, na lipigwe picha kabla ya sikukuu, hiyo ndiyo kiu. Nyumba ni moja, matofali ni yaleyale. Kinachobadilika ni sababu inayokutoa kitandani. Kwa hiyo usiache kujenga. Jizoeze tu kujiuliza, kila unapotoa fedha, ni lipi kati ya hayo mawili linalokusukuma, na kama hujui, ahirisha hadi kesho yake.

Buddha hakuwafundisha watawa peke yao. Alikuwapo raia mmoja aliyeitwa Dighajanu, aliyemwendea akasema waziwazi kwamba wao ni watu wa kawaida, wenye wake na watoto, wanaopenda manukato na mashada ya maua, wanaopokea dhahabu na fedha. Basi awafundishe yanayowafaa watu wa namna hiyo. Naupenda ujasiri wa mtu yule. Naye hakuambiwa agawe kabati. Aliambiwa afanye kazi kwa ustadi na bidii, alinde alichokipata kwa haki, achague marafiki wema, na aishi kwa kulinganisha mapato na matumizi, kama mtu anyanyuaye mizani na kujua, hadi sehemu ndogo, upande gani umezidi. Mwenye mapato madogo anayeishi maisha ya fahari alifananishwa na mla kuyu, ambaye, kwa maelezo ya wafasiri, huutikisa mkuyu mzima ili ale kuyu chache, nyingine zote zikapotea chini. Na mwenye mapato makubwa anayejinyima kupita kiasi naye hakusifiwa. Ilisemwa kwamba atakufa kama mtu aliyekosa. Hiyo ni mizani, na ni tofauti kabisa na kuikimbia nyumba yako.

Mfanyabiashara mwingine, Anathapindika, alielezwa furaha nne anazoweza kuzipata mtu anayeishi na familia: kuwa na mali iliyopatikana kwa haki, kuitumia mali hiyo, kutokuwa na lawama, na kutodaiwa. Hiyo ya kutodaiwa ina jina lake kamili katika Kipali, anana. Anayeifundisha ni mtu ambaye mwenyewe hakumiliki chochote zaidi ya mavazi na bakuli, lakini alijua kwamba kwa mama mwenye watoto watatu furaha hii haina mbadala.

Basi tufanye hesabu yako, kwa maana nina hakika usiku unaihesabu vipande vipande bila kuifikisha mwisho. Ulikopa 500,000 mwezi Januari. Umelipa 150,000 mara tano, yaani 750,000, na zile 500,000 bado ziko palepale kama ulivyozichukua. Ukiendelea hivi hadi Desemba utakuwa umelipa zaidi ya milioni moja na nusu, na bado utadaiwa. Hakuna nguo utakayoigawa itakayoziba tundu hilo. Fedha za mabati alizoweka mumeo zinaweza kulifunga kwa siku moja, na baada ya hapo zile 150,000 unazozipeleka kwa mkopeshaji zikirudi kwenye akiba kila mwezi kuanzia Julai, kufikia Oktoba mtakuwa mmezirudisha zote na ziada, kabla mvua za Desemba hazijaikuta nyumba ya Nala. Hesabu hii ni nyepesi. Kizito ni kwamba haiwezi kufanyika bila yeye kuambiwa.

Mwambie. Usimwambie mbele ya watoto, wala kwa ujumbe wa simu, wala usiku mkiwa mmechoka. Tafuta Jumamosi asubuhi, mketi na daftari, uanze na deni kabla ya kabati. Taja kiasi chote, taja simu, taja kadi iliyoshikwa. Kusema kweli kumo katika ile njia ya sehemu nane ambayo Buddha aliifundisha, na kumetajwa hapo kama jambo la kila siku, sawa na kazi ya halali na juhudi. Akikasirika, kaa naye katika hasira yake bila kujieleza sana. Umekuwa na miezi mitano ya kulizoea deni hili. Mpe yeye angalau siku mbili. Siku ya kulipa mwende pamoja kwa mkopeshaji, mkabidhiwe kadi na karatasi inayoonyesha kwamba deni limekwisha, na siku hiyohiyo ubadilishe namba ya siri benki. Mwulizeni pia leseni yake, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe nayo, na asipokuwa nayo mnayo haki ya kupeleka malalamiko.

Wakati unamsubiri mumeo akusamehe, kuna mshale utakaokujia, nami nataka ujue jina lake. Buddha alisema kwamba mtu asiyefundwa akipatwa na maumivu ni kama aliyechomwa mshale, kisha akachomwa wa pili: wa kwanza ni maumivu yenyewe, wa pili ni majuto, manung'uniko na kujilaani anakoongeza juu yake. Jirani zetu Wasandawe wa Chemba, mafundi wa upinde tangu enzi, wataelewa upesi kwa nini wa pili ni mbaya zaidi, kwani unaingia mahali palepale penye kidonda. Mwenzako kuhamia Iyumbu wewe ukiwa bado unapanga, hilo linauma kidogo, na si aibu kuumwa. Lakini kusema "maisha yangu yamesimama" ni mshale ulioutengeneza mwenyewe, na si kweli, maana nyumba iliyofika lenta haijasimama.

Kwa wivu huo yako mazoezi, na neno lake ni mudita, kuifurahia furaha ya mwenzio. Haliji lenyewe, hujengwa. Hapo mwanzo unaposikia jambo jema la mwenzako, sema moyoni, "Heri yake, idumu," hata kama moyo haujakubali, na usiongeze neno. Baadaye mtembelee. Naomba sana umtembelee, kwa maana picha huonyesha sebule tu. Ukiketi jikoni kwake utasikia habari za mkopo wake wa benki na fundi aliyemkimbia, na utamwona binadamu. Na picha hizo kwa sasa ziondoe machoni pako. Simu inakuwezesha kunyamazisha za mtu bila yeye kujua, na ni afadhali kuliko kuuza televisheni ya watoto.

Huenda unajiuliza uanzie wapi kuutuliza moyo nyumba ikiwa na kelele za watoto watatu. Huhitaji chumba cha peke yako. Bila shaka mama mkwe huwaletea mchele wa Bahi, na kama ni ule wa kukoboa kijijini una vijiwe na mapepe. Jioni chukua ungo, mimina vikombe viwili, kaa kwenye kigoda, uuchague. Sogeza punje chache kwa kidole, tazama, toa kijiwe, sogeza nyingine. Pumzi ikiingia ijue inaingia, ikitoka ijue inatoka. Kama ni ndefu ijue ni ndefu, kama ni fupi ijue ni fupi, hivyo ndivyo mafundisho ya kutafakari yanavyoanza, kwa maneno mepesi kiasi hicho. Akili itakimbilia kwenye deni, kwenye ofisi, kwa wifi. Usiigombeze. Ikishagundua imeondoka, irudishe kwenye ungo. Mtoto akija kukuuliza jambo, mwinulie uso, mjibu yeye tu, kisha urudi. Dakika 15 zinatosha, na wali hautakuwa na mchanga. Nimefanya hivi kwa miaka, na naweza kukuhakikishia kwamba kuna jioni ambazo hakuna kinachotokea kabisa, na hizo nazo ni sehemu ya mazoezi. Lakini usingizi ukiendelea kukukimbia hata baada ya deni kulipwa, nenda hospitali, usitegemee ungo peke yake.

Kuhusu imani yako, sitavaa joho la kasisi. Ninachoweza kusema ni kwamba Ubuddha ni dini kamili, yenye watawa, ibada na imani ya kuzaliwa tena na tena, na mtu hawi Mbuddha kwa kusoma kurasa chache, kama ambavyo Mbuddha hawi Mkristo kwa kuisoma Injili. Hapa nchini wapo Wabuddha wenyewe. Dar es Salaam kuna hekalu lao lililoanzishwa na watu wenye asili ya Sri Lanka tangu siku za ukoloni. Buddha hakujiita Mungu wala muumba, na ninayokushauri hapa, kusema kweli, kulipa deni, kutomwonea mwenzio kijicho, sijui mchungaji atakayeyakataa. Waraka wa Kwanza kwa Timotheo unasema kwamba utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa, na naamini umeusikia ukisomwa kanisani kwenu mara nyingi. Nenda kwa mchungaji wako, umwulize bila kificho. Moyo wako ukisita juu ya jambo fulani, liache hilo, ushike mengine.

Michango ya ofisini ni jambo dogo kuliko unavyodhani, likishapangwa. Kaeni na mumeo, mtenge kiasi kimoja cha mwezi, kiwe cha harusi na misiba yote. Kikiisha, unakwenda kwa mikono yako, kuosha vyombo na kukaa na wafiwa, bila kuomba radhi na bila kutoa hotuba. Sare usinunue kwa mwaka mmoja. Watu watasema kwa wiki mbili.

La wifi ni tofauti. Yule ni ndugu, na jibu ulilompa lilikuwa na kiburi, ingawa ulidhani ni unyenyekevu; ulimwambia kwamba furaha yake ni fahari. Mpigie leo, umwombe radhi kwa ajili ya maneno yale uliyomwambia, na umwahidi kile unachokiweza, hata kama ni kilo kumi za unga na mikono miwili jikoni siku yenyewe.

Kabati limekwenda, na sikushauri ulifuate kwa jirani aliyehama, kwa maana kumnyang'anya mtu zawadi ni kosa la pili. Lakini mbao zile zilikuwa na mwenyewe. Deni likishalipwa na kadi ikisharudi, mwambie mumeo unataka kwenda Bahi kumwona mama, na umwombe akusindikize. Msipeleke chochote kikubwa. Sukari na majani ya chai vinatosha. Usimweleze mama mkwe habari za Buddha siku hiyo. Piga magoti, umwambie ulitoa zawadi yake bila kumwuliza yeye wala mwanawe, na kwamba ulikosea. Kisha umsikilize, hata akisema kwa muda mrefu, na akiwa anapepeta, uombe ungo wa pili.